Modemu ya steshenari yetu, Ngamiani

Mwaka 2006 mimi na kaka yangu tulikuwa na steshenari pale Ngamiani, Tanga: chumba kimoja, kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na simu ya mezani. Tulichapa barua za maombi ya kazi, kadi za mialiko na ripoti za wanachuo, lakini kilichotuletea wateja wa kudumu ni barua pepe. Tanga ina watu wengi wenye ndugu Muscat, Dubai na Mombasa. Kina mama walikuwa wakija na karatasi iliyokunjwa mara nne, ndani yake anwani ya mtoto, wanasema, “Mwandikie ndugu yako huko, mwambie baba yake anaumwa.” Unakaa, unaandika anavyosema, modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, inaipigia simu seva ya mtoa huduma wa intaneti, unatuma.

Virusi ndivyo vilivyonitoa kwenye Windows. Kila flashi ya mteja ilikuja na vyake, na siku vilipofuta ripoti ya utafiti ya kijana mmoja, kazi ya miezi mitatu, nililala vibaya. Nilikuwa na CD ya Ubuntu 6.06, aina ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, iliyokuja bure kwa posta kama walivyokuwa wakizituma miaka ile kwa yeyote aliyeomba. Nikaiweka Linux kwenye kompyuta ya mbele Jumamosi jioni. Programu ya kuchapia ikafunguka, printa ikachapa. Intaneti ikagoma, na ilinichukua siku kumi na moja kuipata.

Ninaandika jinsi nilivyoipata kwa sababu siku zile zote nilikuwa naitafuta hitilafu moja, kumbe zilikuwa nyingi, zimepangana kama vitunguu kwenye kikapu. Ukitoa moja unadhani umemaliza, unapiga tena, unakutana na ya chini yake.

Ya kwanza ilikuwa kadi yenyewe. Modemu yetu ilikuwa ya ndani, kadi ndogo iliyochomekwa kwenye ubao mama. Amri ya `lspci`, inayoorodhesha kadi zilizomo kwenye kompyuta, iliiona na kuitaja jina, lakini hapakuwa na poti ya siriali, yaani tundu la kompyuta kuongea na modemu, iliyohusiana nayo. Kadi za namna ile hazikuwa modemu kamili. Kazi ya kugeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data, ambayo modemu ya kweli huifanya kwa chipu yake, zilimwachia prosesa ya kompyuta kupitia draiva, programu ya kuiongoza kadi, ya Windows. Bila draiva hiyo kadi ni kipande cha plastiki chenye tundu la waya wa simu. Watu wa Linux walizipa jina la winmodemu. Ziko chache zilizopata draiva za Linux. Ya kadi yetu ilikuwa ya kununua, na ile ya bure ilikatwa kasi hadi kilobiti 14.4 kwa sekunde. Halafu lipo jambo linaloumiza kuliko yote: draiva ya kukupeleka kwenye intaneti iko kwenye intaneti.

Kaka alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuchukua wino. Nikamwambia, “Kaka, ukifika Kariakoo nitafutie modemu ya nje, yenye waya wa siriali na adapta yake ya umeme. Usikubali ya USB.” Alirudi siku ya tatu na US Robotics ya 56K iliyotumika, kisanduku cheupe chenye safu ya taa nyekundu mbele. Hadi leo, mtu akiniuliza, namwambia modemu ya nje ya siriali ndiyo iliyokuwa rafiki wa Linux. Haihitaji draiva yoyote. Kompyuta inaongea na poti, poti inaongea na modemu, na taa zinakuonyesha nani amenyamaza.

Na kweli, taa ndizo zilizonifundisha. Nilikwenda kafe ya intaneti barabara ya pili nikachukua vifurushi vya `minicom`, programu ya kuongea na modemu, na `wvdial`, ya kupiga simu ya intaneti, kwenye flashi, pamoja na kila kifurushi ambacho hivyo viwili vilikidai, safari tatu kwa siku moja. Nikafungua `minicom` kwenye `/dev/ttyS0`, jina la poti ya siriali ya kwanza. Ikakataa, haina ruhusa. Nikajiongeza kwenye kundi la `dialout`, la watumiaji wanaoruhusiwa kugusa modemu, nikatoka na kuingia upya, ikafunguka. Nikaandika AT, neno la kuiita modemu ambalo amri zake zote huanza nalo, nikabonyeza ingiza. Modemu inatakiwa ijibu OK. Haikujibu. Nikabadilisha kasi, nikabadilisha poti, nikachomoa waya na kuuchomeka tena. Kimya.

Usiku ule nilizima taa ya chumba nikakaa nikiangalia modemu tu. Kila nilipobonyeza herufi, taa ya SD ilimetameta. Maana yake herufi zinatoka kwenye kompyuta na zinafika. Taa ya RD, ile ya majibu, haikuwaka hata mara moja. Kwa hiyo poti ilikuwa nzima, waya ulikuwa mzima, Linux ilikuwa nzima. Modemu ilikuwa inasikia na haijibu. Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na vijiswichi vinane vidogo kama meno ya mtoto, na chini ya kisanduku chati iliyochapwa kwa herufi ndogo. Kijiswichi cha nane kilikuwa juu. Kikiwa juu, modemu haipokei amri za AT kabisa. Mwenye nayo wa kwanza aliitumia kwa kazi nyingine ambayo haikuhitaji kuamriwa. Nikakishusha kwa ncha ya kalamu, nikazima modemu na kuiwasha, nikaandika AT.

OK.

Nilimwamsha kaka.

Asubuhi yake nikapiga namba ya mtoa huduma kwa ATDT, amri ya kupiga simu. Jibu: NO DIALTONE. Nikainua mkono wa simu, mlio upo, mzuri tu. Hili lilikuwa jepesi nilipolielewa. Modemu imetengenezwa kuusubiri mlio wa nchi ilikouzwa kwanza, na mlio wa simu zetu ulikuwa tofauti, kwa hiyo ilisikiliza, haikuutambua, ikaamua hakuna laini. Amri ya ATX3 inaiambia isisubiri mlio, ipige tu. Ikapiga. Kwa mara ya kwanza chumba kikasikia ile sauti: tarakimu zinabonyezwa haraka haraka, filimbi nyembamba kutoka upande wa pili, kisha mvumo kama mvua kubwa juu ya bati. Halafu ikaandika CONNECT 26400, yaani imeunganika kwa biti 26400 kwa sekunde, na baada ya dakika moja na nusu, NO CARRIER, muunganisho umekatika.

Hapo ndipo nilipopoteza siku nne, na nataka kuzieleza vizuri kwa kuwa nimeona wengi wakipotelea palepale. Nilidhani ni mipangilio. Nilijaribu kila amri ya AT niliyoipata kwenye kijitabu, nikapunguza kasi ya poti, nikabadilisha namna ya kusahihisha makosa. Muunganisho ulishika, wakati mwingine dakika tatu, wakati mwingine sekunde ishirini, ukakatika. Kila jaribio ni simu inayolipiwa. Kaka hakusema kitu lakini alianza kuandika idadi ya simu kwenye daftari la matumizi.

Mtaa wa nyuma alikaa mzee aliyestaafu ufundi wa simu. Nilimfuata baada ya alasiri. “Shikamoo mzee. Nina laini inaongea vizuri, lakini kompyuta ikipita inakatika.” Akaitikia, akaniuliza swali moja: “Simu yenu iko peke yake au mmeigawa?” Tulikuwa tumeigawa. Waya wa pili ulikwenda chumba cha nyuma, umepigiliwa misumari sambamba na waya wa taa ya tyubu.

Alikuja na simu yake ya kupimia, ile ya vibanio viwili. Akabana kwenye kisanduku cha ukutani, akabonyeza tarakimu moja ili mlio ukatike, akasikiliza, akanipa na mimi. Katikati ya ukimya kulikuwa na mchemko, kama mafuta yanaanza kupata moto kwenye kikaango. Sauti ya mtu ingeufunika, usingeujua. Modemu inausikia wote. Akafungua kifuniko kwa bisibisi. Skrubu mbili za shaba zilikuwa zimegeuka kijani, na unga wa kijani umejaa hadi kwenye nyuzi za waya. “Hewa ya bahari, mwanangu,” akasema. Akakata inchi mbili za waya ule, akamenya shaba mpya inayong’aa, akasugua skrubu kwa kipande cha msasa, akakaza, akapaka vaselini kidogo juu yake. Waya wa chumba cha nyuma akauchomoa kabisa.

Nikapiga. CONNECT 44000/ARQ/V90/LAPM/V42BIS. Nilisimama nikausoma mstari ule mara mbili. Kutoka 26400 hadi 44000, na vilivyobadilika ni skrubu mbili na nyaya tu.

Sasa laini ilishika, na nikaiachia kazi `wvdial`. Yenyewe ilipiga, ikaunganika, ikakaa ikisubiri upande wa pili uulize jina la kuingilia. Upande wa pili haukuuliza. Ikasubiri, ikatuma hiki na kile, mwishowe seva ikachoka ikakata. Seva nyingi za wakati ule zilikuwa zimeacha kuuliza kwa maandishi. Zilitarajia PPP, lugha ya kupitishia intaneti kwenye laini ya simu, ianze papo hapo na jina lipite ndani yake. Kwenye faili la `/etc/wvdial.conf` kuna mstari wa kusema hivyo, na unaandikwa `Stupid Mode = yes`. Nikauongeza. PPP ikaanza mara moja, ikafa mara moja, namba ya kufia 19: nimeshindwa kujithibitisha.

Nilikuwa na uhakika na neno la siri. Nililiandika upya mara tano. Nikaanza kumlaumu mtoa huduma, na nisingepaswa, kwa sababu kaka alitoa fomu ya mkataba wetu kutoka kwenye faili la risiti, tukaisoma pamoja. Jina letu la kuingilia lilikuwa na alama ya @ na jina la mtoa huduma baada yake. Windows ilikuwa imelihifadhi zima miaka miwili, nami kichwani nilibaki na nusu ya kwanza.

Simu iliyofuata logi, yaani kumbukumbu za mfumo, iliandika anwani mbili za IP, yetu na ya upande wa pili. Hakuna mstari mzuri kuliko ule kwa mtu aliyehangaika. Nikafungua kivinjari. Ukurasa mweupe. Hakuna kitu.

Kama ingekuwa siku ya pili ningeanza kubadilisha kila kitu. Siku ya kumi na moja nilikuwa nimejifunza kupima hatua moja moja. Nikaipigia `ping`, amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine ipo, anwani ya upande wa pili: inajibu. Nikaipigia anwani ya mbali kwa namba, si kwa jina: haijibu. Basi tatizo si la majina, tatizo ni njia. Nikaandika `route -n`, amri ya kuonyesha njia za data, na mstari wa mwisho ukasema njia ya kwenda ulimwenguni inapita kwenye 192.168.0.1 kupitia `eth0`, kadi ya waya wa mtandao. Hiyo ilikuwa ni kompyuta ya pili ya mlemle chumbani! Tuliziunganisha kwa waya ili zitumie printa moja, nami wakati wa kuipanga niliijaza sehemu ya geti, yaani mlango wa kutokea nje, kwa sababu tu fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza. Na `pppd`, programu inayoendesha PPP, ilikuwa imeniambia tangu mwanzo, iko ndani ya `/var/log/syslog`, kwamba haitaiondoa njia ya msingi iliyokuwepo. Sikuwa nimefika chini ya logi.

`sudo route del default`, nikafuta ile geti kwenye mipangilio ya `eth0` isirudi tena, nikapiga simu upya. `ping` ya mbali ikajibu, milisekunde zaidi ya 700 kila mara, kwa kuwa kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu mwaka 2009 data yetu ilipanda kwenye setilaiti kilomita karibu 36,000 juu na kushuka tena. Kwa kasi ya 44000 unapata kama kilobaiti tano kwa sekunde. Megabaiti moja ni dakika tatu na ushee. Nikazima picha kwenye kivinjari, na barua pepe zikawa zinafunguka upesi wa kutosha.

Niliandika mistari ile kwa mkono, ATZ ya kuirudisha modemu mwanzo, ATX3, Stupid Mode, jina zima pamoja na @, nikaibandika ukutani juu ya modemu, na chini yake nikaandika `tail -f /var/log/syslog`, amri ya kuitazama logi inavyoandikwa, kwa sababu tangu siku ile sikupiga tena simu bila dirisha hilo kuwa wazi pembeni.

Jumatatu alikuja mama mmoja wa barabara ya kumi na mbili aliyekuwa amerudi mara mbili bila kutumiwa barua yake. Nilimwomba radhi, akasema, “Si kitu mwanangu, andika.” Akasema maneno yake, nikaandika. Modemu ikapiga filimbi, akaigeukia na kuitazama hadi iliponyamaza na taa ya CD, ile ya muunganisho, kuwaka. Alhamisi alipopita kuuliza, majibu ya mwanawe kutoka Muscat yalikuwa tayari nimeyachapa, karatasi mbili, yanamsubiri kwenye droo.