Siku moja ya stata na mita

Saa 12:40 asubuhi. Chai haijaisha, simu inaita. Mwalimu mmoja wa hapa Tabata, gari yake ya Toyota IST haiwaki. "Fundi, inalia taktaktak kama mvua ya mawe!" Taktaktak za mfululizo mara nyingi ni umeme kuwepo lakini usitoshe: selenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata (mota inayozungusha injini ili iwake), inashika, inaachia, inashika tena. Nikapima betri, volti 11.8. Iliyojaa ikapumzika husoma 12.6 hivi. Mwanawe jana usiku alitafuta penseli garini akaiacha taa ya ndani inawaka. Nikabusti, likawaka. Mwalimu tayari alikuwa amemwambia mumewe atume hela ya betri mpya. Nikamwambia aizuie kwanza.

Saa 2:30. Nafika kibandani, nakuta Haisi ya daladala, dizeli, injini ya 3L, imeegeshwa kwenye mteremko ili iwake kwa kushtua. Dereva kanuna. Stata inazunguka kichovu, ngwii... ngwii... Jana amenunua ya mtumba mtaa wa Gerezani, kwa wauza vipuri, akawaachia ya kwake na kuongeza hela juu. Hali ni ileile.

Kazi kama hii ndiyo inayonipa raha. Nikachomoa waya wa pampu ya dizeli ili injini isiwake, nikamwambia azungushe ufunguo: "Piga." Betri ikashuka hadi 11.4 tu. Stata ya dizeli ni mlafi, inavuta ampea mia kadhaa. Betri iliyochoka ingezama chini ya 9. Basi nguvu ipo, ila haifiki. Ncha moja ya mita kwenye kichwa cha risasi cha chanya cha betri, nyingine kwenye nati kubwa ya stata. Piga. Volti 0.3 tu imepotea kwenye waya, safi. Nikahamia hasi: ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye kichwa cha risasi cha hasi. Piga.

2.9.

Upande huo nikiona imezidi 0.2 au 0.3 huwa naanza kushuku. Hapa karibu volti tatu zinaliwa njiani. Nikagusa kebo ya eksileta, nikautoa mkono mbio, ya moto! Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye betri, ukajipitishia humo.

"Klachi imebadilishwa lini?"

"Ijumaa, fundi. Umejuaje?"

Nikaingia uvunguni. Waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye betri, unaotoka kwenye chasisi kwenda giaboksi unaning'inia, bolti yake haipo. Aliyeshusha giaboksi ili abadilishe klachi hakuurudisha. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga waya mpya mnene, nikapima tena: 0.15. Dereva akapiga, injini ikadaka mara moja. Konda akashangilia kama vile Simba na Yanga zote zimeshinda siku moja. Mimi nilikuwa namwangalia dereva, anaitazama ile stata ya mtumba bila kusema neno.

Saa 7 mchana. Wali maharage kwa mama ntilie, na mchicha wa kusukumia.

Saa 8. Mzee na Toyota Noah yake. Shikamoo, marahaba. Ukipiga unasikia "tak" moja halafu kimya, ukirudia mara tano ya sita inazunguka. Taa hazififii hata kidogo. Mzee anatembea na nyundo ndogo ya kugongea stata, na amekuwa mtaalamu kweli. "Tak" moja na taa zinazong'aa hunipeleka kwenye sahani za shaba ndani ya selenoidi, ambazo pistoni yake huziunganisha ili umeme upite. Nikatoa kwanza waya wa hasi wa betri (kijana wangu aliwahi kusahau, spana ikajichomelea yenyewe), nikashusha stata, nikafungua kifuniko. Sahani moja bado nene, nyingine imelika upande mmoja, nyembamba kama ukucha. Pistoni inafika mwisho, shaba haiguswi. Nikabadilisha zote mbili na pistoni yake, kwa sehemu ndogo ya bei ya stata nzima. Nyundo mzee hakuiacha. Akairudisha chini ya kiti.

Saa 10. Hapa naomba mnicheke taratibu. Corolla ya otomatiki, ukiwasha hakuna hata tak. Nikashusha stata, nikaijaribu mezani kwa betri, inaruka kama mbuzi. Nikairudisha. Kimya. Nikakagua fyuzi, nikakagua rilei. Jasho linatoka. Kijana wangu, miezi minne tu kazini, akasema kwa adabu, "Kaka, tujaribu kwenye N?" Nikasogeza gia kutoka P (ya kuegesha) hadi N (huru). Likawaka. Swichi ya gia, inayoruhusu stata kwenye P na N tu, imekufa upande wa P, basi. Hela ya kushusha stata sikudai, nidai kwa uso gani?

Saa 1:15 usiku. Nafunga. Dereva wa Haisi anapiga simu. Amekwenda Gerezani kuomba arudishiwe stata yake.

"Wamesema imeuzwa mchana, fundi. Tena eti mteja kaisifia."