Ulimi, pua na kisu: nilivyojifunza dawa za miti kwa Koko

Nilianza kwa aibu. Nilikuwa nauza dawa za asili kwenye kibanda karibu na soko la Kilombero, hapa Arusha: unga wa kwenye vikopo, ukiwa tayari na kikaratasi cha maelezo. Siku moja mama mmoja alishika kopo akaniuliza, "Dada, hili ni gome au mzizi?" Sikujua. Nikasoma kikaratasi, nacho hakikusema. Akalirudisha kopo taratibu, akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawapa watu kitu cha kumeza ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukiona kikiwa mtini.

Alhamisi iliyofuata nikapanda hiace mpaka Ngaramtoni. Soko la pale ni Alhamisi na Jumapili, na upande wa dawa utawakuta kina yeyo, akina mama wa Kimaasai, wametandika viroba chini, wamepanga mafungu ya magome na mizizi. Nikamwamkia mmoja, mkongwe kuliko wote, nikamweleza shida yangu. Akaitikia marahaba tu, hakusema ndiyo wala hapana. Jioni akanionyesha kiroba kwa kidole: nibebe. Nikakibeba mpaka kwake, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nilikibeba masoko matatu mfululizo kabla hajaniuliza jina. Tangu hapo namwita Koko, bibi kwa Kimaasai.

Miezi ya mwanzo hakunitajia ugonjwa hata mmoja. Nilifagia, nilichanja kuni, nilianika. Kuanika kwenyewe nilidhani ni kazi ya mtoto, kumbe nusu ya dawa imo humo. Majani hukaa kivulini penye upepo, maana jua kali linakula harufu, na harufu ikiondoka umebaki na takataka. Magome na mizizi huvumilia jua, lakini lazima yakatwe vipande vidogo na kugeuzwa kila mara, la sivyo ukungu unaanzia ndani usikouona. Gome lililokauka sawasawa ukilivunja linalia. Likipinda, lirudi juani.

Ndipo akaja kwenye ulimi. Alinipeleka kwenye mjafari, ambao yeye anauita oloisuki. Shina lake lina vinundu, na kila kinundu kina mwiba kwenye ncha. Akanifikichia jani: harufu ya limau kabisa. Kisha akanikatia kipande cha gome kama ukucha, niweke ulimini. Ulianza uchungu, halafu ncha ya ulimi ikafa ganzi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Koko."

"Basi hata macho yako yakiisha, huu utaujua."

Gome hilo na matunda yake ndiyo anayowapa watu wenye mafua na kikohozi. Olkiloriti, mti wa jamii ya migunga, nao nilijifunza hivyohivyo: maji yake yakichemka yanageuka mekundu, ukionja kinywa kinakauka kama umetafuna ndizi mbichi. Huo ndio Wamaasai wanaotia kwenye supu ya nyama.

Kosa langu kubwa lilikuwa hapo. Nilianika olkiloriti na olmukutan kwenye turubai moja, mafungu mawili yakitazamana. Nikaenda kuchota maji, mbuzi wakapita katikati. Nikarudi, nikayatenganisha kwa macho, nikaona mambo yamekwisha. Koko akachukua kipande kimoja, akakilamba, akanitazama. Olmukutan ni dawa ya minyoo, inaharisha kwa nguvu, hupimwa kwa uangalifu na mama mjamzito hapewi kabisa. Mtu wa supu hunywa bakuli zima. Akakusanya yote, kazi ya wiki mbili, akayatia motoni. Hakunigombeza. Ningeomba anigombeze.

Kisu alinipa karibu mwaka wa pili. "Mti hauvuliwi nguo zote," alisema. Unachukua kipande upana wa kiganja, upande mmoja, na ukihitaji zaidi unahamia mti mwingine. Ukizungusha kisu shina zima umeua, kwa sababu chakula kinachotoka kwenye majani kushuka mizizini kinapita kwenye gome la ndani. Mizizi inakufa njaa, na mti unafuata. Kidonda anakipaka udongo na samadi ya ng'ombe. Nimeona mkondekonde umemenywa mzunguko mzima, umesimama mkavu, na niliumia kweli. Gome lake linatafutwa hadi Ulaya kwa dawa za tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ila mkataba haukai msituni. Anayekaa pale ni mwenye kisu.

Kuna siku nilibeba dumu la maji kutoka kwetu nimsaidie kupika. Mimi ni wa Maji ya Chai, na meno yangu yana rangi ya kahawia kama ya wengi waliokulia kule, kwa sababu ya floridi nyingi majini. Koko akaniambia nifungue kinywa. "Maji yaliyokufanyia hivyo, ndiyo unataka tumpikie mgonjwa?" Nikanyamaza. Nilifundishwa shuleni kwamba kuchemsha hakuondoi floridi, na sufuria ikipungua nusu, yaliyobaki ndiyo makali zaidi, lakini sikuwahi kuunganisha hilo na dawa. Kwake tunapikia maji ya mvua.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote ni kumwona akikataa kuuza. Alikuja kijana amekonda, anakohoa, anataka mjafari. Koko akamuuliza tangu lini. Mwezi. Jasho la usiku? Lipo. Akarudisha fungu chini: "Kikohozi kikipita wiki mbili si changu. Nenda wakapime makohozi." Kijana akabisha, pesa mkononi, Koko akatazama pembeni. Baadaye akanikumbusha mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mti wa dawa ile, mugariga, yeye anaujua tangu utotoni, anauita olamuriaki. Kilichomuuma ni wale walioacha dawa zao za hospitali.

Mwaka huu tumeanza kufuatilia usajili wake kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya 2002. Mimi ndiye mwandishi wake: barua ya kijiji, fomu, safari za kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Kibanda cha vikopo nilishakifunga. Alhamisi nakaa kiroba kimoja naye, na mtu akiuliza gome au mzizi, namkatia aonje.

Wiki iliyopita tulipita kwenye mjafari nilioukata mara ya kwanza. Gome jipya limeingia kutoka pande zote mbili, katikati umebaki ufa wa vidole viwili. Nikamwuliza kama naweza kuchukua kidogo upande wa pili. Koko akapitisha kidole kwenye kovu, polepole, juu mpaka chini.

"Bado," akasema, tukaendelea kupanda.