Gego la pili: yale niliyoyaacha kufanya nyumbani

Nimeng'olewa magego mawili katika maisha yangu, la kwanza miaka kadhaa iliyopita na la pili mwezi uliopita, na kwa jinsi ninavyoona mimi, tofauti kubwa ya yaliyonipata haikutokana na mkono wa daktari bali na mambo niliyoyafanya nyumbani katika saa 24 za kwanza.

Nilipong'olewa lile la kwanza nilirudi nyumbani hapa Tanga huku nusu ya mdomo ikiwa na ganzi, nikamkuta shangazi amekwisha kunichemshia maji na kuyatia chumvi ya kutosha. "Sukutua, mwanangu, damu chafu yote itoke," aliniambia, na kwa kuwa alisema kwa huruma na mimi nilikuwa sipendi ladha ya damu, nilisukutua maji ya moto kadiri nilivyoweza kuyavumilia na kuyatema mpaka yakatoka meupe. Siku mbili zilipita kwa nafuu. Usiku wa tatu taya lilianza kuuma maumivu yaliyopanda hadi sikioni, ambayo vidonge vya parasetamo havikuyagusa, na mdomo ukawa na harufu iliyonifanya nione haya kuzungumza na watu. Daktari alimulika mara moja tu akasema tundu limekauka.

Jino likishang'olewa, damu huganda ndani ya tundu lake, na donge hilo ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu wakati nyama mpya inapoota chini yake. Donge likitoka mapema, mfupa hubaki wazi kwa hewa, chakula na mate, na maumivu yake kwa kawaida huanza kati ya siku ya pili na ya nne. Donge hilo linaweza kung'olewa kwa kusukutua, kwa kutema mate kwa nguvu, kwa kunyonya kinywaji kwa mrija, na kwa kuvuta sigara, ambayo zaidi ya mvuto wake huipunguzia fizi damu inayohitajika ili kidonda kipone. Daktari alilisafisha tundu langu, kisha akashindilia ndani yake kitambaa chembamba chenye dawa iliyonukia karafuu. Sisi tunaotazamana na Pemba ng'ambo ya bahari tunaijua harufu hiyo tangu utotoni, na kweli dawa hiyo huwa na eujenoli, kiini kilekile cha mafuta ya karafuu. Hata hivyo, mafuta yenyewe yasimiminwe ndani ya kidonda nyumbani, kwa sababu yakiwa makali hivyo huunguza nyama.

Kwa hiyo mara ya pili kazi yangu kubwa ilikuwa kutokufanya. Niling'ata gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwa dakika 45 bila kuitoa kila mara kuchungulia, kwa maana kila uchunguliapo unaivuruga damu inayojaribu kuganda. Mate nilikuwa nayameza. Kidogo cha damu kikichanganyika na mate mengi huonekana kana kwamba mtu amechinjwa, na hapo ndipo wengi wetu hukimbilia sinki. Ilhali mate kuwa mekundu kidogo siku ya kwanza ni jambo la kawaida. Kama damu inatoka kweli, ng'ata gozi safi kwa nusu saa nyingine, au pakiti ya majani ya chai iliyoloweshwa na kupoa, kwani majani hayo yana tanini inayosaidia damu kuganda. Ikiendelea kutiririka baada ya hapo, rudi kwa daktari bila kusubiri asubuhi.

Swali la udhu lilinisumbua, maana katika udhu tunasukutua mara 3. Sheikh wa mtaani kwetu alinikumbusha kwamba kusukutua kwetu sisi Mashafii ni sunna na si faradhi, kwa hiyo siku ile niliacha kwa moyo mkunjufu. Kilichonishinda zaidi kilikuwa dafu. Jirani aliniletea dafu baridi likiwa limekwisha kutobolewa na mrija umechomekwa tayari. Niliuchomoa mrija, nikalimimina kwenye kikombe na kunywa taratibu. Kahawa ya barazani niliiaga kwa siku tatu, kwa kuwa joto lake huamsha damu.

Barafu niliifunga katika kipande cha khanga na kuiweka shavuni kwa dakika 15 hivi, nikipumzika na kurudia, na usiku nililalia mito miwili. Shavu liliendelea kuvimba hadi siku ya pili na ya tatu, kisha likaanza kushuka. Uvimbe unaoanza kuongezeka baada ya hapo, ukiambatana na homa, au unaoteremka shingoni na kufanya kumeza kuwe kugumu, huo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Sikununua viuavijasumu dukani kwa kukisia, na aspirini sikuigusa kwa kuwa huzuia damu kuganda.

Asubuhi ya siku ya pili nilimwomba shangazi yale maji yake. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, baada ya kila mlo: unayaweka mdomoni, unainamisha kichwa huku na huku, kisha unafungua mdomo yaanguke yenyewe. Kuhusu chumvi shangazi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Tulikosea saa na joto. Meno mengine nilipiga mswaki kama kawaida, nikilizunguka pengo kwa mbali, na chakula kilikuwa uji wa ulezi uliopoa, mtori na mayai, bila karanga wala bisi, ambazo vipande vyake hupenda kujificha tunduni.

Siku ya nne nilimulika mdomo kwa tochi ya simu mbele ya kioo, nikaona utando mweupe wenye umanjano umetanda ndani ya tundu. Nilidhani ni usaha, na mkono ulikwisha kushika njiti ya kiberiti ili niukwangue. Nilimpigia daktari kwanza. Aliniuliza kama kuna maumivu yanayozidi, harufu mbaya au homa; nilipomjibu hapana, alicheka akasema, "Hiyo ndiyo nyama yako inajijenga, kaka. Iache."

Uzi wa mshono, ambao ulikuwa wa aina inayoyeyuka yenyewe, ulikatika siku ya tisa nilipokuwa nakula wali, nikautoa ulimini kwa vidole viwili kama mwiba mdogo wa samaki.