Mtungi Uliomwagika Nyeri

"Baba, kule kambini mtu akishalala, nani humwamsha?"

Aliuliza akiwa amenipa mgongo, anajifanya anafunga kamba za viatu. Barua ya shule ilikuwa mezani tangu jana yake: watoto wa madarasa ya chini wanakaribishwa kujiunga na Sungura, kundi la skauti wadogo, na mwisho wa muhula kutakuwa na kambi ya usiku mmoja. Chini yake zimepangwa faida: nidhamu, uongozi, kujitegemea, kupenda mazingira, afya ya mwili na akili. Utadhani dawa ya mchuuzi wa pale kivukoni, inayotibu jino, kiuno na mkosi kwa pamoja. Mama yake alikwisha kupiga hesabu ya skafu na kofia. Mimi nilibaki na lile swali, maana nililijua. Niliwahi kuwa nalo kifuani umri kama wake, ila sikumpata wa kumuuliza.

Nyinyi mnaonisoma mmekwisha kuchoka na hadithi zangu za Nyeri. Hii sikuwahi kuigusa.

Wakati wetu sisi wadogo tukiitwa kabu. Kila Februari skauti wa Kenya nzima hukusanyika Nyeri, karibu na tarehe 22, siku aliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1857. Mzee huyo alianza na wavulana wapatao 20 kambini kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Uzeeni akaja kukaa Nyeri, katika kijumba alichokiita Paxtu ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, na huko huko akafariki tarehe 8 Januari 1941. Yote hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba nakwenda kulala na watu wasio wa nyumbani.

Mama alinifungia mfuko: blanketi, leso mbili kuukuu, na karatasi ya nailoni iliyokunjwa ndogo. "Hii utandike chini, na asubuhi uikunje mwenyewe. Usimwonyeshe mtu." Baba yeye aliona kambi ndiyo tiba yenyewe. "Mwache aende. Aibu ya mara moja itamwachisha." Wazee wetu wengi waliamini hivyo, na sidhani kama walikuwa na ubaya. Kikojozi alitibiwa kwa kuchekwa, ndiyo dawa iliyokuwa karibu.

Safari siikumbuki sana. Mtito Andei tulikula mayai ya kuchemsha, Nairobi tulipita gizani, Thika, Sagana, Karatina, na kila basi lilipopanda ndivyo madirisha yalivyozidi kufungwa. Mtoto wa Mombasa hajui baridi mpaka ionekane mdomoni mwake kama moshi.

Jioni ile nilikataa chai. Mpango wangu ulikuwa huo, nisinywe chochote kuanzia adhuhuri. Mkubwa wa kikosi chetu, kijana wa kidato cha kwanza kama si cha pili, akaja akachutama mbele yangu.

"Mbona hunywi?"

"Sina kiu."

"Chai hunywewa kwa kiu?"

Akanimiminia kwenye kikombe chake mwenyewe, cha bati, rangi ya buluu, kimebanduka rangi ukingoni. Baridi ilikuwa imeniingia mifupani. Nikanywa, akaongeza, nikanywa tena.

Kilichofuata kinajulikana na kila aliyewahi kuwa kikojozi. Kwanza unahisi joto, na kwa usiku ule wa Nyeri lilikuwa joto zuri kweli, hata usingizini nililifurahia. Kisha unafumbua macho. Kisha joto linaondoka. Karatasi ya nailoni ilikuwa imeteleza ikaenda kukaa chini ya miguu ya jirani yangu. Nililala kimya kama nilivyo, nikipiga hesabu ya alfajiri. Nje mtu alikuwa akikohoa. Turubai lilikuwa linatona umande. Nikajiambia, nikilala bila kujigeuza huenda blanketi likakauka kwa joto la mwili, jambo ambalo nyumbani halikuwahi kutokea hata mara moja.

Ikawaka tochi. Yule mkubwa wa kikosi alikuwa ameiziba kwa kiganja, mwanga ukawa unapenya vidoleni mwake, mwekundu. Ukapita usoni mwangu, ukashuka, ukasimama, ukazimika. Nikamsikia akitoka. Nilikuwa na hakika amekwenda kumwita mwalimu.

Alirudi na mtungi wa maji, ule wa lita 20 tuliouteka jioni. Hakusema neno. Akapiga magoti, akafungua kifuniko polepole, akaanza kumwaga. Alianzia kwenye blanketi lake. Hilo nililiona vizuri, kwa sababu nilikuwa namtazama kwa jicho moja. Akaja langu, akalilowesha lote, akamwaga turubai lililotandikwa chini kutoka ncha hii hadi ile, mpaka maji yakamfikia mtoto wa mwisho, akaruka akipiga kelele. Hapo ndipo akauangusha mtungi wenyewe, akapaza sauti:

"Lo! Amkeni, amkeni! Nimeupiga teke mtungi!"

Hema zima likaamka. Alitukanwa kwa lugha zote tulizokuwa nazo mle ndani. Mwalimu akaja na koti juu ya pajama, akamulika, akataka kujua ni nani mwenye akili timamu analaza mtungi ndani ya hema. Yule kaka akasimama mikono nyuma. "Samahani, mwalimu." Akapewa adhabu pale pale: asubuhi masufuria yote ya uji ni yake. Sisi wengine tukatolewa nje, tukazunguka makaa yaliyobaki tukitetemeka, na mablanketi ya hema zima yakaanikwa kambani. Langu lilikuwa katikati. Hakuna aliyelinusa. Karatasi ya nailoni sikuiona tena mpaka tulipokuwa basini kurudi, aliponipitishia kitu kilichofungwa gazeti akaendelea na mazungumzo yake na wenzake.

Gwaride lilikuwa zuri, wanasema. Tulipita mjini na ngoma, tukafika makaburini. Kwenye jiwe la kaburi la Baden-Powell pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo skauti huiacha kuwaambia wanaomfuata kwamba amekwenda nyumbani. Mwalimu alitueleza hayo yote. Mimi nilikuwa namtafuta yule kaka kwenye mistari ya mbele, na nilipompata mikono yake ilikuwa bado myeusi kwa masizi. Tukaamriwa kukariri kanuni. Ya kwanza ni kwamba skauti ni mtu wa kuaminika. Nikakariri. Yeye naye alikariri, tena kwa sauti kubwa.

Nimeligeuza jambo hili mara nyingi. Barua ya shule haina mstari unaosema mwanao atadanganyiwa mwalimu na mtu aliyemzidi miaka mitano, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida niliyoipata mimi. Mafundo ya kamba niliyofundishwa nimeyasahau; nafunga mizigo kama mtu yeyote. Lakini skauti huwachanganya wadogo na wakubwa, na mkubwa huambiwa wazi: hawa ni wako. Shuleni kijana wa umri ule asingejua hata jina langu. Kule alijua sijanywa chai.

Basi ndiyo skauti iliyomfunza? Sina ushahidi. Huenda kwao alikuwa na wadogo zake, na alizoea kuamka usiku kabla ya kujiunga na chochote. Wapo niliosoma nao waliokwenda kambi hizo hizo wakarudi na majina ya utani ambayo hadi leo wanaitwa nayo harusini. Hema la pili lilikuwa na wakubwa wengine. Ningepangwa kule, leo labda ningekuwa naandika kumlaani Baden-Powell. Na kwa wale wanaopenda kujua: Nyeri haikuniponya. Niliendelea kuanika godoro kwa muda mrefu, kisha yakaisha yenyewe, kama yanavyowaishia watoto wengi.

Yule kaka nilionana naye miaka mingi baadaye, kwenye feri ya Likoni, saa ya watu kutoka kazini. Alikuwa na kofia ngumu ya wafanyakazi wa bandarini kwapani. Nilimtambua kwa sauti. Tukasalimiana kwa mkono wa kushoto, kiskauti, watu wakitushangaa. Nikaona nisipomshukuru pale sitamshukuru tena, nikamweleza yote, mpaka vidole vyekundu kwenye tochi.

Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Ule mtungi niliupiga teke, bwana," akasema. "Nilikuwa natoka kwenda kujisaidia."

"Nilikuona ukimwaga."

"Ulikuwa usingizini wewe."

Nikamwangalia usoni nione kama anatania. Hakukuwa na kitu. Abiria wakaanza kusogea mbele, mikokoteni ikapiga kelele, akaweka kofia yake kichwani.

"Lakini kikombe changu cha buluu," akasema, "hicho nakikumbuka. Uliondoka nacho."