Siku Mjumbe Alipodai Jina Lake

Mwanzoni mwa mwaka 2011, ukifungua ramani ya Dar es Salaam kwenye kompyuta ulikuwa unaiona Sinza na mitaa yake iliyonyooka, unaiona Magomeni, na katikati yake unakuta weupe. Weupe ule ndio Tandale. Soko la nafaka ambalo jiji zima linalijua halikuwepo. Misikiti, baa, shule, saluni, nyumba zilizobanana hadi mtu mnene anapita ubavu ubavu, hakuna hata kimoja. Sisi tulikuwa tunasomea mipango miji Chuo Kikuu Ardhi, pale Survey, na Tandale haikuwa mbali hata kidogo. Wengine wetu tulikuwa tumepanga chumba huko huko. Mtu unalala mahali ambapo kwenye ramani hapana kitu.

Wazo lililetwa na watu waliokwisha kuchora Kibera, Nairobi, mwaka 2009, kwa kuwafundisha vijana wa kule kule. Chombo chenyewe kiliitwa OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuchora na kusahihisha, na akishachora ni ya wote. Tukapangwa wanafunzi na vijana wa Tandale pamoja, mtaa kwa mtaa. Kata ile ina mitaa sita: Pakacha, Mtogole, Mkunduge, Mhalitani, Kwa Tumbo na Sokoni. Kundi langu likapewa Mtogole.

Ilikuwa Agosti, na Agosti ya mwaka ule iliangukia Ramadhani. Tena ulikuwa mwaka wa mgao, nao si mgao wa saa mbili tatu. Umeme ulikuwa unakatika asubuhi na unaweza usiuone mpaka usiku. Kwa hiyo utaratibu wetu ulijipanga wenyewe. Asubuhi tunatembea na vile vijidude vya manjano vya GPS, vya kunasa mahali ulipo, kabla jua halijawaka, mchana tunatafuta penye jenereta tuingize tulichokusanya, jioni kila mtu anakwenda kufuturu.

Kutembea peke yetu hakukuwezekana. Vijana wageni wenye kifaa mkononi, wanasimama kila kona na kuandika kwenye karatasi, kwa mtu wa Dar hao ni watu wa bomoabomoa. Mama mmoja alitoka na ndoo ya maji machafu mkononi akatuuliza kama tumekuja kumpigia X. Alama ile nyekundu ukutani kila mtu anajua maana yake. Ndipo tukapelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Jina lake sitalitaja. Alikuwa mzee mrefu wa kanzu iliyofifia na kofia ya viua, na alipoitikia shikamoo yangu alinitazama kwanza miguuni, akaona nimevaa kandambili. "Marahaba, mwanangu. Kwa viatu hivyo hufiki mtoni." Kisha akaingia ndani kwake akatoka na raba za mjukuu wake wa kidato cha tatu, na mjukuu mwenyewe akamfuata nyuma akiwa peku.

Nimepita darasani miaka mingi, lakini mtu aliyenifundisha kuusoma mji ni huyu. Sisi tulikuwa tunaona uchochoro. Yeye anakuambia uchochoro huu masika haupitiki, watu wanazunguka kwa fundi cherehani. Tulikuwa tunaona bomba; yeye anajua hili linatoa maji usiku tu, lile lina mwenyewe na ufunguo uko kwa shemeji yake. Alituonesha nyumba ambazo mvua ikikolea hutapisha vyoo, yaani wanatoboa shimo la choo yaliyomo yachukuliwe na maji, na akatuonesha yanakoishia: kwa jirani wa chini, halafu Mto Ng'ombe. Alisema bila kulaumu. Gari la kunyonya haliingii uchochoroni, alisema, sasa wafanyeje?

Siku ninayotaka kuisimulia ni Jumamosi moja kuelekea mwisho wa kazi ile. Ramani ilikuwa imechapishwa kubwa, karatasi ya kuziba ukuta, tukaibandika ofisi ya kata. Tulitangaza kwamba wenyeji waje waikague. Mimi nilidhani watakuja viongozi na vijana wachache. Walikuja watu mpaka wengine wakachungulia dirishani.

Sijui kama umewahi kumwona mtu akiiona nyumba yake kwenye ramani kwa mara ya kwanza. Kwanza anapotea. Anauliza juu ni wapi. Anatafuta msikiti, anatafuta baa, anatembeza kidole toka pale, halafu ghafla anapiga kelele. Baada ya hapo hana habari na Tandale yote, anamwita mwenzake aje aone. Mama muuza vitumbua alikuja mbele kabisa akauliza, "Na mimi niko wapi?" Tukamwonesha nyumba aliyopanga. Akasema hiyo ni ya mwenye nyumba, yeye anauliza kibanda chake. Kibanda hakikuwepo. Alisimama pale na mikono kiunoni hadi kijana mmoja alipochukua kalamu ya wino akakiweka.

Saa nzima ilikwenda kwenye mpaka wa Mtogole na Mkunduge. Pande mbili, kila upande na wazee wake, kila mmoja akitaja mwembe uliokatwa zamani kama shahidi. Msimamizi wetu alijaribu kuwakatisha ili ratiba iendelee. Wakamwambia akae. Nikisikia watu siku hizi wakisema ushirikishwaji, huwa naukumbuka ugomvi ule. Hakuna aliyeshirikishwa pale; watu walikuwa wanagombea kilicho chao.

Kwenye meza ya pembeni tulikuwa na kompyuta mpakato, jenereta likinguruma nje. Mjukuu wa mjumbe, ambaye kufikia siku hizo alikuwa anatuzidi baadhi yetu kwa kasi, alikuwa anamwonesha babu yake kwamba kila kitu kwenye ramani kina historia. Ukibonyeza bomba, unaona nani aliliweka na lini. Nani alirekebisha baadaye, naye yupo. Mzee akavuta kiti. Akaomba abonyezewe bomba la usiku. Likatoka jina la utani la mwanafunzi mwenzangu, jina la mchezaji mpira. Akaomba mtaro. Jina langu. Akaomba uchochoro wa fundi cherehani. Mchezaji mpira tena.

"Mimi niko wapi?"

Alilirudia swali la mama wa vitumbua, lakini yeye hakuwa anatafuta nyumba. Msimamizi akamweleza kwa adabu kwamba kompyuta inamwandika aliyebonyeza. Mzee akafikiri kidogo, kisha akauliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Karani akiandika ndoa, bibi harusi anakuwa wake?"

Chumba kizima kilicheka, hata wale wa mpakani. Yeye hakucheka. Alisubiri.

Hapa niseme jambo ambalo lilikuwa linanikera tangu mwanzo. Wakati ule maneno "jumuiya ya teknolojia" yalikuwa yameanza kuvuma Dar. Mwaka huo huo pale jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama, kulikuwa na ukumbi wa vijana wabunifu, huo uliokuja kuitwa Buni, na mimi nilipapenda sana, nilikwenda kila nilipopata nauli. Lakini watu tuliokutana kule tulikuwa tunajuana kwa kompyuta zetu. Tuliposhukuriana, tuliwashukuru wenye kompyuta. Vyeti vya mradi vilikuwa tayari vimeandaliwa, na nilijua vina majina ya akina nani. Wajumbe walikuwa kwenye fungu la fulana.

Kwa hiyo nilifurahi mzee alipogoma kucheka. Nikavuta kiti karibu yake. Kufungua akaunti kulitaka barua pepe, hana. Mjukuu akamfungulia moja pale pale, kwa modemu iliyokuwa inakwenda na kurudi. Neno la siri alilifikiria kwa muda mrefu, akamnong'oneza mjukuu, akabadili mawazo, akaamua kuliandika mwenyewe, herufi moja moja, nasi tukaangalia pembeni. Jenereta likazimika katikati kwa kuishiwa petroli. Tukachangishana, kijana akatumwa na galoni. Hakuna aliyependekeza tuahirishe.

Umeme uliporudi nikamuuliza anataka kuanza na nini. Nilitegemea bomba. Akasema, "Mtaro wako haujaisha." Kwenye ramani mtaro wa Mtogole ulikuwa unakuja vizuri, unafika kwenye kundi la nyumba, unakatika, halafu unaanza upya upande wa pili. Tulikuwa tumechora tulichokiona, na picha ya setilaiti ilionesha paa tu. Yeye alijua kwamba haujakatika. Zamani ulikuwa wazi, familia moja ikaongeza chumba juu yake, na maji mpaka leo yanapita chini ya sakafu. Pakiziba pale, nyumba zote za juu zinaingia maji na hakuna anayejua kwa nini.

Mmoja wa familia ile alikuwa humo humo chumbani. Akasimama akasema jambo hilo lisiandikwe, watakuja kubomolewa. Kukawa kimya. Mjumbe akamgeukia, wakazungumza chini chini kwa muda, mambo ya marehemu baba yake na nani aliyemruhusu kujenga. Waliafikiana hivi: mstari utachorwa, kwa sababu maji ni ya wote, lakini nyumba haitaandikwa jina wala namba. Kijana akakaa. Nimekuja kusoma baadaye makala nyingi kuhusu faragha na data za wananchi, na bado sijakutana na mjadala uliomalizika vizuri kiasi kile kwa dakika chache.

Mzee akashika kipanya kwa mkono mzima kama anakamua chungwa. Alibonyeza pale mtaro ulipokatika, akavuta, akabonyeza ng'ambo. Mstari ukaungana. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika kwa Kiswahili kwamba maji yanapita chini. Akatuma, kisha akaomba afunguliwe historia ya mtaro. Jina lake likatoka, chini yake tarehe na saa. Akavaa miwani kulisoma mara ya pili.

Adhana ya magharibi ilitukuta pale. Mama wa vitumbua na wenzake walileta uji wa pilipili manga, tende, muhogo wa nazi na magimbi, tukafuturu kwenye baraza la ofisi ya kata, waliofunga na wasiofunga. Msimamizi akasimama kutoa shukrani. Alipomaliza orodha yake ya taasisi, mtu akapaza sauti: "Na mwenye mtaro?" Ikawa ndiyo jina lake hadi kazi ilipoisha.

Desemba mwaka ule, siku chache tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua ikaipiga Dar kwa namna ambayo wazee hawakuwa wameiona. Watu zaidi ya 40 walikufa. Nilimpigia simu mjumbe kutwa nzima nisimpate. Usiku akanipigia yeye. Wako salama, wamelala kwa ndugu Sinza, vyombo vimekwenda. Hakuzungumzia ramani, wala mimi sikuwa na haja ya kuizungumzia. Mafuriko yale ndiyo yaliyowafanya wakubwa waanze kuuliza mitaro ya jiji iko wapi, na mwaka 2015 Ramani Huria, mradi wa kuichora Dar kwa ajili ya mafuriko, ilipoanza, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia kata baada ya kata kwa mtindo ule ule, safari hii wakiwa na ndege ndogo zisizo na rubani za kupiga picha kutoka juu. Ni kazi kubwa, na ninaiheshimu.

Lakini mimi nataka kumalizia na simu nyingine, ya mwaka 2012. Alipiga mchana, amekasirika. Mjukuu alikuwa amempeleka intaneti kafe Magomeni, kama walivyozoea mara moja moja, wamekuta mtaro umekatwa. Kuna mtu ameufuta mstari wake.

Nikafungua historia. Aliyefuta alikuwa Mjerumani mmoja, mchoraji mwenye bidii ambaye alikuwa amesahihisha maelfu ya vitu duniani kote akiwa kwake. Maelezo yake yalikuwa mafupi: mfereji haupiti juu ya jengo. Kwa kuangalia picha ya setilaiti alikuwa na haki kabisa.

"Huyo amefika Tandale?" mzee akauliza.

"Hajafika, mzee."

"Basi mwandikie."

Akanisomea barua kwenye simu nami nikaigeuza Kiingereza. Alieleza chumba kilijengwa lini, sakafu ikoje, maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Usiku ule ule Mjerumani akajibu. Aliomba radhi, akaurudisha mstari, safari hii akauwekea alama ya mfereji unaopita chini ya ardhi, ambayo hata sisi hatukuwa tunaijua, na akauliza kama kuna mingine ya namna hiyo asije akaifuta. Nikampigia mjumbe nikamsomea yote. Akanyamaza kidogo.

"Mwambie ahsante. Na mwambie karibu Tandale, ila asije masika."