Besi ya Offenbach

Nimekuwa fundi mitambo wa bendi za dansi Dar es Salaam kwa miaka 17, na muda wote huo niliamini kwamba ukumbi usipotetemeka, watu hawajapata haki ya kiingilio chao. Juni 2019 nilikwenda Ujerumani kumsalimia mpwa wangu anayesoma huko. Kwenye simu alikuwa ameshaniambia, "Mjomba, njoo usikie spika za huku. Kwa kazi yako ile, hutalala." Yeye ni mpenzi wa deep house, tawi la muziki wa hausi, yaani dansi ya mashine, muziki ambao mimi niliuchukulia kama wa kusindikizia vinywaji hotelini.

Tulianzia Berlin kwa sababu alitaka nione duka la santuri. Linaitwa Hard Wax, lilianzishwa na Mark Ernestus mwaka 1989, mwaka ule ule Ukuta wa Berlin ulipoanguka. Tulilikuta Kreuzberg, kando ya mfereji: unaingia uani, unapanda ngazi, unakutana na makasha ya santuri na mashine za kusikilizia. Mpwa wangu akanivalisha hedifoni na kuweka santuri ya Larry Heard.

Nilikaa nayo karibu nusu saa. Larry Heard ni mtu wa Chicago, na alikuwa mpiga ngoma kabla ya kushika vinanda. Unasikia hilo mara moja: kinanda chake hakikimbilii mdundo, kinaulalia. Muziki wenyewe wa hausi ulipata jina lake kutoka klabu ya Warehouse iliyofunguliwa Chicago mwaka 1977, alikopiga DJ Frankie Knuckles, na waliokuwa wakijaa pale ni vijana weusi na Walatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja, watu waliokuwa wakifungiwa milango kwingine. Nalisema hili kwa sababu nilikutana na watu huko Ulaya wanaouzungumzia muziki huu kama mali yao ya kuzaliwa. Walioupokea ni wao, na wameutunza vizuri, lakini mizizi iko Chicago.

Walichoongeza Wajerumani ni nafasi. Huyo huyo Ernestus, pamoja na Moritz von Oswald, walianza kutoa santuri kwa jina la Basic Channel mwaka 1993, wakiutia mdundo wa mashine mwangwi mzito wa dabu, mtindo wa rege wa Jamaika. Maneno yanapungua, kodi moja ya kinanda, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, inapita na kurudi, na kila ikirudi ina vumbi jipya juu yake. Baadaye wakafungua karakana ya kukatia santuri, yaani kuchonga mifereji ya sauti, Dubplates & Mastering. Kwa fundi kama mimi, habari ya kukata santuri ni tamu kuliko ya wanamuziki. Besi inabidi ikae katikati, sawa kushoto na kulia, la sivyo sindano inaruka nje ya mfereji wake. Kwa hiyo hata kabla santuri haijafika klabuni, kuna mtu ameshakaa na kuifikiria ile besi peke yake.

Usiku ule tulijaribu kuingia klabu moja ya Berlin. Tulipanga foleni saa moja na nusu, tukafika mlangoni, bawabu akatutazama, akatikisa kichwa. Basi. Mpwa wangu aliona aibu kwa ajili yangu, akaniomba radhi njia nzima. Mimi iliniuma kwa sababu nyingine: nilikuwa nimesimama nje ya ukuta wa muziki ulioanzishwa na watu waliokuwa wakikataliwa milangoni.

Kesho yake tukapanda treni ya Frankfurt, safari ya saa nne na ushei, na Jumamosi usiku tukaenda Offenbach, mji uliogusana na Frankfurt kama Magomeni na Kinondoni. Klabu inaitwa Robert Johnson, jina la mpiga gitaa la bluzi wa Mississippi. Ata Macias na wenzake waliifungua mwaka 1999, kwa hiyo mwaka ule ilikuwa inatimiza miaka 20. Nilitarajia jumba. Nilichokuta ni chumba kilicho ghorofani, sakafu ya mbao, kibaraza kinachotazama mto Main. DJ hayuko juu ya jukwaa, yuko usawa wa watu, unaona vidole vyake.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba nilikuwa naongea na mpwa wangu bila kupiga kelele, ilhali tulikuwa katikati ya watu wanaocheza. Nikadhani mitambo bado haijafunguliwa vizuri. Kisha nikahisi soli za viatu: mbao zilikuwa zinapokea kila pigo la ngoma kubwa, mapigo mawili kwa sekunde, bila kuvuma. Nikaenda kwenye kona ya chumba, mahali besi huwa inajikusanya na kugeuka uji. Nikasikiliza. Nikarudi katikati. Ilikuwa ile ile.

Wimbi la besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita saba. Ukilisukuma kwa nguvu ndani ya chumba kidogo linagonga ukuta, linarudi, linapambana na lenzake linalokuja, na ndiyo ule mvumo unaosikika nje ya kumbi zetu hadi barabarani huku walio ndani hawaelewi mwimbaji anasema nini. Kwa miaka mingi dawa yangu ya mvumo huo imekuwa kuongeza sauti ya juu ili ipasue. Watu wakaanza kuumwa masikio, nami nikaita hiyo shangwe.

Nilisogea karibu na DJ nikatazama mikono yake. Alikuwa na santuri mbili zinazozunguka kwa pamoja, na kwa dakika nzima hakufanya chochote ila kusikiliza. Kisha akaipunguza besi ya wimbo wa kwanza taratibu, akaipandisha ya wa pili kwa kiasi kile kile, kama wapiga tumba wawili wanaopokezana ngoma bila pigo kuanguka. Hakuna aliyeshangilia. Bega la mama mmoja wa makamo mbele yangu ndilo lililobadilika, likaanza kwenda upande mwingine.

Tulitoka kibarazani kulipoanza kupambazuka. Mto ulikuwa wa kijivu, ndege wanalia, na nyuma yetu ngoma inaendelea. Masikio yangu hayakuwa yanalia hata kidogo. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipotoka kazini alfajiri bila ule mlio kichwani, sikuikumbuka.

"Umechoka, mjomba?" mpwa wangu akauliza.

"Turudi ndani," nikamwambia. "Nataka kuona amplifaya zao wameziweka wapi."