Risiti za hadiwea yangu zilivyohamia kwenye simu

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya risiti haitiwi wino. Imepakwa dawa ambayo hugeuka nyeusi ikipata moto wa mashine, na maandishi hayo hufifia karatasi ikikaa juani, ikishikwa na mikono yenye mafuta au ikihifadhiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa Busia, upande wa Uganda, chini ya mabati yasiyo na dari. Ikifika saa nane mchana droo ya kaunta inachemka. Risiti ya Januari ukiitafuta mwezi wa sita unakuta karatasi nyeupe yenye alama hafifu za nembo. Na usidhani utaiokoa kwa kuipeleka ikapigwe laminesheni. Mashine ile nayo ni ya moto, kwa hiyo risiti hutoka nyeusi tii na huwezi kusoma hata tarehe.

Sababu ya pili ya kuhamishia risiti kwenye simu ilitoka kwa mhasibu wangu. Sisi wenye biashara ndogo Uganda, ambao mauzo ya mwaka yako kati ya shilingi milioni 10 na milioni 150, tunalipa kodi inayokadiriwa kutokana na mauzo. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2020, sheria inatugawa makundi mawili: wanaoweka kumbukumbu na wasioweka. Aliyeuza milioni 60 bila kumbukumbu analipa 400,000, hakuna mjadala. Mwenye kumbukumbu analipa 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya kile kilichozidi milioni 50, yaani 60,000. Jumla yake 240,000. Tofauti hiyo ya 160,000 siwezi kuiachia hivi hivi, mimi ninayebishana na mteja kwa ajili ya elfu moja ya misumari.

Nilimpelekea mhasibu mfuko wa risiti za manunuzi nikidhani ndizo anazozitaka. Akacheka.

"Dada, hii kodi haijali ulinunua kwa bei gani. Inaangalia ulichouza."

"Sasa hizi za manunuzi nitupe?"

"Thubutu! Hizo ni zako. Zitakuonyesha kama unapata faida au unawabebea watu mizigo yao. Na siku mauzo yakivuka milioni 150, matumizi ndiyo yataanza kuhesabiwa, na hapo utazitafuta kwa tochi."

Aliniongezea mambo mawili ambayo niliyaandika nyuma ya kalenda. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Na kwa anayelipa kodi kwa faida, manunuzi yanayozidi milioni 5 kutoka kwa muuzaji asiye na TIN, yaani namba ya mlipa kodi, hayakubaliki kama gharama, hata kama karatasi yake ina mihuri mitatu.

Kuhusu programu ya kununua, vijana kadhaa walikuja dukani kunionyesha za kwao. Zilikuwa nzuri, zina rangi na michoro, lakini kila moja ilitaka malipo ya kila mwezi, na ukiacha kulipa hujui kumbukumbu zako zitakuwa za nani. Nilichagua vilivyokuwa tayari kwenye simu yangu ya Android: Google Drive ya kutunzia faili na Google Sheets ya kutengenezea majedwali. Akaunti ya bure ina nafasi ya gigabaiti 15, ambayo inagawanywa na barua pepe na picha zako. Risiti ni faili ndogo. Nafasi humalizwa na video za harusi, si risiti, kwa hiyo niliifungulia biashara akaunti yake peke yake, wala simpi mtu wa familia neno lake la siri.

Kupiga picha ndiyo sehemu rahisi. Kwenye Drive kuna kitufe cha kamera cha kuskani: unaweka karatasi juu ya kitu cheusi, mimi hutumia kipande cha mpira wa kuezekea, simu inaona kingo zake yenyewe, inakata kaunta na vidole vyako, inahifadhi PDF. Karatasi ya kaboni iliyoandikwa kwa mkono huwa hafifu, hiyo naigeuza iwe nyeusi na nyeupe ndipo inasomeka. Yenye muhuri wa rangi naiacha na rangi yake. WhatsApp situmii kutunzia risiti ingawa wengi hapa mjini hujitumia wenyewe humo: picha inabanwa inapotumwa, na tarakimu ndogo ndizo hufa kwanza.

Kazi yenyewe iko kwenye jina la faili. Simu huita kila kitu kwa jina lake la ajabu, na ukishakuwa na faili mia zenye majina hayo ni sawa na kutokuwa nazo. Mimi naandika hivi: 2025-03-14_tororo_saruji_1750000. Mwaka, mwezi, siku, halafu mahali au muuzaji, halafu bidhaa, halafu kiasi bila koma. Mwaka ukitangulia, simu inazipanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Ukianza na siku, tarehe 1 za miezi yote zinakaa pamoja na utachanganyikiwa. Nikitaka kujua bei ya saruji imepandaje tangu mwaka jana, naandika "saruji" kwenye sehemu ya kutafutia, orodha yote inashuka.

Folda nazo zilihitaji kufikiriwa. Mwaka wa fedha wa Uganda unaanza Julai 1 na kuishia Juni 30, na duka langu linafuata huohuo. Ukiita folda kwa namba za kawaida za miezi, Januari inakaa juu na Julai chini, wakati hesabu inataka kinyume chake. Basi ndani ya folda ya 2024-25 niliweka "01 Julai", "02 Agosti", mpaka "12 Juni". Mhasibu aliniambia ni mtindo wa ajabu. Sasa anautumia kwa wateja wake wengine, nasikia.

Risiti zenyewe si za aina moja, na hapa ndipo maelezo mengi ninayoyasoma huishia juujuu, kana kwamba kila muuzaji ana mashine na umeme haukatiki.

Nzuri kuliko zote ni zile za EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ulioanza kulazimishwa kwa waliosajiliwa VAT Januari 2021. Najua ulivyozua kelele. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa sababu yake, na siku hizo nilikuwa na mzigo Kikuubo, soko la jumla la Kampala, ambao haukutoka. Siingii kwenye ugomvi huo. Ninachosema ni kwamba kwa mnunuzi, karatasi ile ina namba yake na alama ya QR, na unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya URA ukajua kama ni ya kweli. Siri ni kumpa muuzaji TIN yako kabla hajaichapa. Ukinyamaza, atakuandika kama mpita njia aliyenunua soda. Nimebandika TIN yangu na jina la duka nyuma ya kava la simu, namwonyesha tu.

Risiti za mkono, za vitabu vilivyochapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, zina ugonjwa wao: kwenye nafasi ya jina la mteja, wauzaji huandika "Cash". Cash ni nani? Namwambia kijana wa duka la Ndeeba, Kampala, "Mwanangu, andika jina la duka, na idadi, na bei ya kimoja kimoja, usiniandikie 'vifaa' tu." Wengine hununa. Foleni iko nyuma yangu, bosi anaangalia, lakini nasimama hapohapo mpaka aandike, naskani juu ya kaunta yake, ndipo nahesabu pesa. Ukishalipa na kuondoka, hakuna wa kukuandikia vizuri.

Malipo ya simu hayana karatasi, ila yana ujumbe wenye namba ya muamala. Napiga picha ya skrini, naipa jina kama nyingine. Ujumbe wa MoMo (pesa za simu za MTN) au Airtel Money peke yake unaonyesha kwamba pesa ilitoka na ilikwenda kwa nani, hausemi ilinunua nini, kwa hiyo unakaa pamoja na risiti ya bidhaa, jina lilelile, mwishoni naongeza "momo". Tokeni za Yaka, umeme wa kulipia kabla, ni hivyohivyo. Ujumbe wenye zile tarakimu 20 ndio risiti yangu ya umeme, na watu wengi huufuta wakishaingiza tokeni.

Upande wa pili wa mpaka nanunua rangi na bawaba. Huko nalipa kwa shilingi ya Kenya, na shilingi hiyo haina bei moja asubuhi na jioni. Kwenye jedwali nina safu ya kiasi cha Kenya, safu ya bei ya kubadilishia siku hiyo, na safu ya kiasi cha Uganda. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, hupita kwa utaratibu uliorahisishwa wenye cheti kifupi cha asili ya bidhaa. Cheti hicho nakiskani pamoja na risiti ya duka, PDF moja. Afisa akiuliza rangi hii imeingiaje, sihitaji kurudi dukani kufungua makabati.

Zilizobaki ni zile gharama ambazo hakuna anayekupa chochote: bodaboda, vijana wa kushusha saruji kwenye lori, mzee wa mkokoteni, chai ya dereva. Kila moja ni ndogo. Nilinunua kitabu cha vocha za malipo, najaza tarehe, kazi, kiasi, na aliyepokea anatia sahihi na namba ya simu. Mara ya kwanza vijana waliona namtega mtu.

"Mama, sahihi ya nini? Elfu tano tu!"

"Tia, mwanangu. Si polisi hii."

"Basi ongeza elfu moja ya sahihi."

Siku hizi wanakuja wenyewe kuuliza kitabu kiko wapi, kwa sababu kinawasaidia pia. Mwenzao akidai hakulipwa, tunafungua ukurasa.

Jedwali lenyewe ni jepesi: tarehe, muuzaji, bidhaa, kiasi, njia ya malipo, namba ya risiti, na kiungo cha PDF. Mauzo yana ukurasa wao, na huo ndio unaohusu kodi, kwa hiyo binti anayenisaidia anaujaza kila jioni kutoka kwenye nakala za kitabu chetu kabla hatujafunga. Manunuzi nayajaza mwenyewe Jumapili nikiwa nimetulia, nikiwa na taarifa ya mwezi ya pesa za simu mkononi. Kila pesa iliyotoka kwenye simu lazima iwe na mstari. Isiyo na mstari huwa imekwenda nyumbani, na hapo naandika wazi "matumizi ya nyumbani", hata kama ni ada ya mtoto. Duka halikusoma shule.

Mtandao ukikatika au bando likiisha, skani zinakaa kwenye simu zikisubiri. Tangu Julai 2021 bando lina kodi ya asilimia 12, na mimi naihisi, kwa hiyo nimeweka Drive ipandishe faili kwa WiFi tu. Ya jirani mwenye duka la vifaa vya simu, tumeelewana, yeye anachukua bawaba kwangu kwa bei ya jumla. Mwisho wa mwezi nanakili folda nzima kwenye flashi inayokaa nyumbani. Karatasi zenyewe sijazitupa. Ziko kwenye bahasha za kaki, moja kwa kila mwezi, ndani ya sanduku la mbao mbali na jua. Zile za mashine zitafifia zikitaka, picha iko. Mhasibu nimempa ruhusa ya kusoma folda bila kuibadilisha. Zamani alinitoza kwa kuangalia unene wa mfuko. Sasa anafungua folda akiwa kwake Tororo, na bei tuliishusha baada ya mabishano kidogo.

Faida kubwa imetoka kwenye vile vitu vidogo visivyo na risiti, jambo ambalo sikulitegemea. Nilipojumlisha vocha za robo mwaka ya kwanza, boda, mkokoteni na kushusha mizigo kwa pamoja vilizidi kodi ya pango. Saruji niliyokuwa nawapelekea wateja nyumbani kwa bei ya dukani ilikuwa inaondoka na faida yake yote njiani. Sasa ubao wa nje una bei mbili, ya kuchukua mwenyewe na ya kupelekewa. Wateja wa zamani walilalamika wiki za mwanzo, mmoja akaniita mchoyo mbele ya watu, nikamfungulia jedwali kwenye simu nikamwonyesha mstari wa mkokoteni wa kwenda kwake. Alichukua mifuko yake kwa bei ya kuchukua mwenyewe na kuibeba kwa baiskeli ya shemeji yake, safari tatu.